Saileji ya Garsen: Mathenge, Maembe na Molasi

Ukifungua mfuko wa saileji harufu ikakupiga kama ya samaki aliyelala siku mbili juani, usikimbilie kulaumu molasi. Karibu kila mara kosa lilitendeka mapema: nyasi zilikatwa na matope yake, au zilifungwa zikiwa chepechepe, au hewa iliachwa ndani. Bizari na ndimu hazimrudishi samaki aliyeoza, na molasi hairudishi majani yaliyoharibika. Nalitanguliza hili kwa sababu kwenye maduka ya pembejeo, kuanzia Malindi hadi Hola, mfugaji huuliza kwanza, "Niweke nini?" Afadhali angeanza kwa kuuliza, "Nikate lini, na nifunge vipi?" Viungo tutavifikia, na vingine viko karibu na boma lako kuliko unavyodhani.

Mwongozo huu hauhusu kundi la fora. Ng'ombe mia wanaohamahama huwezi kuwalisha kwa saileji, na asikudanganye mtu kwamba unaweza. Unahusu wale wawili watatu wanaobaki nyumbani ili watoto na wazee wapate maziwa wakati kiangazi kimekaza na wenzao wako mbali. Tuchukue ng'ombe watatu. Kila mmoja umpe kilo 10 za saileji kwa siku juu ya malisho makavu anayoyaokota mwenyewe. Kwa siku 90 watakula kilo 2,700. Ongeza kidogo kwa ajili ya hasara, unapata tani 3. Hizo zinakatika kwa panga na mundu, na familia moja inaziweza kwa muda wa siku kadhaa.

Kinachotokea ndani ya mfuko unakijua tayari. Mama anayefukiza kibuyu kwa moshi, akatia maziwa na kukifunga, anawaachia kazi bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyagandisha maziwa na kuzuia uozo. Saileji ni kazi hiyohiyo. Bakteria wa aina hiyo wapo kwenye majani. Wakipata sukari na wakikosa hewa, hutoa asidi mpaka majani yanakuwa machachu kiasi cha kutoharibika. Kwa kipimo cha pH tunatafuta kama 4, na kwa nyasi zetu hata 4.5 si mbaya. Shida ya nyasi za nchi za joto ni kwamba zina sukari kidogo, kidogo sana ukizilinganisha na nyasi za Ulaya ambazo vitabu vingi vya saileji viliandikwa kwa ajili yake. Bakteria wema wanaishiwa na chakula kabla hawajamaliza kazi, kisha wale waharibifu wanaingia. Ndiyo maana huku kwetu kiungo kina maana kubwa kuliko Uholanzi, na ndiyo maana karibu kila kiungo cha maana ni namna fulani ya kuongeza sukari.

Wakati wa kukata

Mto Tana unaletewa maji na Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na kwa kawaida hufura mara mbili kwa mwaka, kilele kikiwa karibu na Mei na Novemba. Mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika 1981, yamebadilisha mafuriko hayo, lakini mtu wa Garsen bado anajua: maji yakipungua, nyasi za bondeni hupanda kwa kasi ajabu. Wiki chache tu ndizo zako. Kata nyasi zinapoanza kutoa mashuke, kabla mbegu hazijakomaa. Ukingoja zirefuke ili upate nyingi, utapata mabua magumu yasiyo na sukari wala protini, na hakuna kiungo kitakachorudisha kilichopotea.

Kata asubuhi umande ukishakauka. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, acha sentimita 10 hadi 15 ardhini. Baada ya mafuriko, sehemu ya chini ya nyasi huvaa matope makavu, na matope hayo ndiyo makao ya bakteria wanaotoa ile harufu ya siagi iliyooza. Konzi moja ya udongo inaweza kuharibu kazi ya gunia zima. Ikiwa nyasi zimefunikwa na matope mpaka juu, hizo si za saileji. Walishe ng'ombe zikiwa mbichi au uzipite.

Zianike. Nyasi za bondeni zina maji mengi mno, na ukizifunga zilivyo zitatiririsha jasho jeusi linaloondoka na sukari yote. Jua la Garsen linatosha kuzinyausha kwa saa tatu hadi tano. Zigeuze mara moja. Kipimo ni kiganja chako: chukua nyasi zilizokatwakatwa, zikamue kwa nguvu kama nusu dakika, kisha ufungue. Maji yakidondoka, bado ni mbichi. Donge likisambaratika mara moja, zimekauka kupita kiasi. Donge likibaki likifunguka polepole, na kiganja kikawa na unyevu tu, hapo ndipo. Siku za mawingu ambazo jua halipatikani, tumia kiungo kikavu kitakachofyonza maji, nitakitaja.

Neno moja kuhusu mahali pa kukata. Nyasi za kando ya mto zina wenyewe, na malka ni njia ya mifugo kuyafikia maji, si shamba la mtu wa kwanza kufika na mundu. Tana Delta imemwaga damu 2012 na 2013 kwa magomvi yaliyohusu malisho na mashamba. Kabla hujaanza, pita kwa wazee, wa Gasa kwa Wapokomo au wa Matadeda kwa Waorma, na ukikata kwenye shamba la mtu mlipe. Mkulima anayeuza nyasi, majani ya mpunga na maembe yaliyoanguka kwa mfugaji ana sababu ya kufurahi anapoyaona makundi yakija.

Shimo, au mfuko?

Vitabu vingi vitakuambia uchimbe shimo. Juu kwenye mchanga, sawa. Lakini udongo mweusi wa bonde la Garsen huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake zinaingia mkono mzima. Ukuta wa shimo unapopasuka, nailoni inachanika na hewa inaingia wakati wewe umelala. Halafu yako mafuriko. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yalifika palipodhaniwa ni pakavu. Shimo lililojaa maji ni hasara tupu.

Kwa hiyo mimi nasimama na mifuko. Gunia la kilo 50 lenye mfuko mzito wa nailoni ndani linabebeka hadi juu ya uchaga, na maji yakija linahamishwa kwa mtumbwi. Kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi hapa kwetu: joto. Saileji ikifunguliwa huanza kuharibika, na huku Garsen huharibika haraka. Ng'ombe wako watatu wanakula kilo 30 kwa siku, basi gunia moja linaisha kabla ya siku mbili kupita. Shimo kubwa lingekulazimu kukata safu ya sentimita 15 hivi kila siku kwenye uso wote ili kuutangulia uozo, na mwenye ng'ombe watatu hawezi. Tani 3 ni magunia 60. Ni mengi kuyafunga, lakini ukipoteza moja umepoteza moja.

Katakata nyasi vipande vya sentimita 2 au 3. Mashine ya kukatia majani ikipatikana kwa kukodi kati ya majirani, vizuri. Panga na gogo linaweza pia, kwa jasho. Vipande vifupi hushindilika, na kushindilia ndiko kunakotoa hewa. Jaza tabaka la kiganja kimoja, nyunyiza kiungo, shindilia kwa ngumi na kwa magoti, tena na tena. Gunia lililojazwa vizuri ni gumu kama gunia la sukari.

Molasi

Hii ndiyo wengi wanayoijua, na inafanya kazi. Kwa nyasi zetu tumia kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za nyasi mbichi. Watu hukosea kwa sababu molasi huuzwa kwa lita na ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Jerikeni la lita 20 basi lina kilo 28, na ukiweka kilo 4 kwa 100, jerikeni moja linatosha kilo 700 za nyasi. Kwa tani zako 3 utahitaji majerikeni manne na kidogo. Gunia moja la kilo 50 linachukua kilo 2, yaani kama lita moja na nusu.

Izimue ili isambae. Kama nyasi zimenyauka vizuri, kipimo kimoja cha molasi kwa viwili vya maji. Kama bado zina maji, kipimo kimoja kwa kimoja. Tumia kopo la kumwagilia, au chupa uliyotoboa kifuniko. Usiimimine yote juu ukidhani itashuka: utapata tabaka tamu juu na uozo chini.

Na ukweli mwingine ambao wauzaji hawausemi: ukizidisha, saileji inabaki na sukari nyingi, na siku unayofungua ndipo chachu na kuvu wanapopata karamu. Inapata joto mkononi ndani ya saa chache tu. Kipimo ni kipimo.

Mathenge

Mti huu tumeulaani, na kwa haki. Uliletwa kwa nia njema; kule Bura ulipandwa miaka ya 1980 ili wakazi wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni, ukatoka huko ukaziba malisho, njia na kingo za mto. Wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akaletwa kama ushahidi. Lakini maganda yaleyale yaliyomuumiza mbuzi yamejaa sukari, na yana protini ya asilimia 10 hadi 15 hivi. Yakisagwa yanakuwa kiungo bora cha saileji kinachopatikana bure katika kaunti yetu. Katika maeneo makavu ya kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako mti huohuo uliletwa, watafiti waliuchanganya unga wake na napia na kupata saileji nzuri.

Okota maganda ya manjano yaliyokomaa, si ya kijani. Yaanike mpaka yavunjike kwa sauti ukiyakunja. Yasipokauka vyema yatanata kwenye mashine na mwenye kinu atakufukuza. Yasage yote, ganda na mbegu. Hili la mbegu ni lazima. Mbegu nzima hupita tumboni mwa ng'ombe salama na kuota kwenye samadi, na utakuwa umepanda mathenge kwenye malka kwa mkono wako. Iliyosagwa haioti.

Weka kilo 5 hadi 10 za unga kwa kilo 100 za nyasi. Hiki ndicho kile kiungo kikavu nilichotaja: siku ya mawingu, nyasi zikikataa kunyauka, nenda karibu na 10, kwani unga utafyonza maji na kulisha bakteria kwa pamoja. Kwa tani 3, kilo 225 zinatosha kwa kipimo cha kati. Usizidi kilo 10 kwa 100, na usiwape pia maganda matupu horini siku hizohizo. Mifugo iliyolishwa mathenge kupita kiasi kwa muda mrefu huugua, na dalili yake ni taya kutetemeka na kukonda.

Maembe

Ukipita Ngao au Hewani msimu wa maembe utayaona chini ya miti, ngowe na apple, yakioza na kuvuta nzi kwa sababu lori la mnunuzi halikuja. Msimu huo, kuanzia Novemba kwenda mbele, unakutana na nyasi za vuli. Sijui kwa nini hatujayatumia zaidi.

Embe bivu lina sukari, lakini pia maji mengi. Kwa hesabu yangu, kilo 15 za nyama ya embe na maganda yake zinaleta sukari inayokaribia ile ya kilo 4 za molasi. Ondoa kokwa zote. Ni ngumu, chungu, na ng'ombe anaweza kukabwa nazo. Ponda embe kwenye kinu au debe, changanya na kilo 100 za nyasi. Kwa sababu ya maji yake, nyasi zinyaushwe zaidi ya kawaida, au uongeze pumba za mpunga kilo 5. Embe lenye kuvu litupwe. Anza na gunia moja, lifungue baada ya mwezi, ndipo uamue kuhusu mengine.

Bakteria wa paketi, na wale wa kutengeneza nyumbani

Maduka huuza unga wa bakteria wa saileji. Ni bidhaa nzuri ikiwa hai. Bakteria hawa ni viumbe, na joto linawaua: paketi iliyokaa wiki tatu kwenye rafu chini ya bati, kisha ikasafiri kwa bodaboda kutoka Minjila saa nane mchana, huenda ni unga tu. Uliza ilihifadhiwa wapi, soma tarehe, ibebe na barafu, ikoroge siku unayoitumia. Usitumie maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini. Hiyo dawa kazi yake ni kuua bakteria. Zaidi ya yote kumbuka kwamba hawaleti chakula chao. Bila sukari watakaa njaa kama wengine.

Iko njia ya nyumbani iliyopendekezwa na watafiti wa Japani, nayo inanivutia kwa sababu inahitaji joto la nyuzi 30, na hilo tunalo bila gharama. Chukua gramu 200 za nyasi zilezile utakazofunga, zikatekate laini, zitie kwenye lita moja ya maji safi pamoja na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Tikisa, chuja, tia kwenye chupa ijae, funga kwa kulegeza ili gesi itoke. Weka kivulini siku mbili. Maji yatachachuka na kunukia kama togwa changa; yakinuka uozo, mwaga. Lita moja inyunyizie kilo 100 za nyasi, pamoja na molasi au mathenge.

Majani ya lukina, gliricidia au kunde yanaongeza protini, na robo ya mchanganyiko inaweza kuwa hayo. Ila yenyewe yana sukari kidogo na yanazuia asidi kupanda, basi ukiyaweka peleka molasi kwenye kilo 5. Chumvi weka horini. Ndani ya saileji haifanyi kazi ya kuhifadhi kwa vipimo vinavyotajwa. Asidi za dukani zimefanya makubwa kwingine, na A. I. Virtanen wa Finland alipata Tuzo ya Nobel 1945, njia yake ya kuhifadhi majani kwa asidi ikiwa sehemu ya kazi iliyotuzwa, lakini zinachoma ngozi na macho na sioni sababu ya kuzileta Garsen.

Yurea: usiitie kwenye nyasi mbichi

Nimesikia ushauri huu ukitolewa na unaniumiza. Yurea hutoa amonia, na amonia huua asidi unayoitafuta. Katika mahindi yenye sukari tele inavumilika; katika nyasi zetu inaharibu. Mahali pake ni kwenye majani makavu ya mpunga, na hiyo si saileji. Yeyusha kilo 4 za yurea katika lita 50 au 60 za maji, nyunyizia kilo 100 za majani makavu, funga wiki tatu, kisha yapepee hewani kabla ya kulisha. Usimpe ndama wa chini ya miezi sita, wala punda kabisa. Gunia la yurea lifungie ndani ya nyumba: ng'ombe anayeiramba anaweza kufa siku hiyohiyo.

Kufunga na kufungua

Kamua hewa, sokota mdomo wa nailoni, ukunje, ufunge kwa mpira wa baiskeli. Andika tarehe na kiungo ulichotumia. Panga magunia kivulini juu ya uchaga, kisha uyazungushie matawi ya mathenge yenye miba, kwa sababu mbuzi, panya na ngiri wakitoboa tundu moja gunia limekwisha. Ukiona tundu, lizibe kwa teipu siku hiyohiyo.

Baada ya siku 30 fungua moja. Rangi iwe ya kijani iliyoingia manjano au hudhurungi hafifu. Harufu iwe ya uchachu mtamu, kama embe lililoiva sana. Ikiwa ni ya kahawia iliyokolea na inanukia kama tumbaku, ilipata joto, hewa ilibaki. Ikinuka kama siagi iliyooza, ilikuwa na maji mengi au matope. Penye kuvu jeupe au la buluu toa na uzike mbali. Usimpe mbuzi mwenye mimba ukidhani yeye atavumilia, kwani saileji mbovu inaweza kumtoa mimba.

Mpe ng'ombe kilo 2 siku ya kwanza, uongeze hadi 10 kwa wiki moja na nusu. Mlishe baada ya kukamua, usimlishe kabla, la sivyo harufu itaingia kwenye maziwa na wanunuzi wa Garsen watayarudisha. Mabaki ya horini yafagie kila jioni, hata kama ni machache, kwa sababu kufikia asubuhi yatakuwa yameshapata joto.